Kiraka kwenye Kitako cha Bunduki

Kitako cha bunduki kilikaa juu ya meza ya kulia ya shangazi yangu, mjini Birmingham, Uingereza, kwa wiki tisa. Wiki zote hizo tulikula tumebanana upande mmoja, sahani zikigusana, kwa sababu upande wa pili ulitandikwa magazeti, na juu ya magazeti palikuwa na msasa, vitambaa, chupa za mafuta na hicho kipande cha mti nilichomkataza kila mtu kukigusa. Shangazi alinivumilia kama mtu anavyomvumilia mgonjwa. Wiki ya nne uvumilivu ukamwishia.

"Weye," alisema, "hiyo bunduki imekwenda vitani ikarudi. Sasa itakuja kuniulia hapa Small Heath, mezani kwangu, na kijiko mkononi."

Haikuwa bunduki, na nilishachoka kulieleza jambo hilo kwa kila jirani aliyeingia kuomba chumvi akatoka macho yamemtoka. Ulikuwa mti mtupu, ile sehemu ya nyuma ambayo askari huiegemeza begani, pamoja na bamba la shaba lililofunika mwisho wake. Mtutu na chuma chake chote vilikabidhiwa serikalini Nairobi miaka mingi kabla sijazaliwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mchana nilipanga nguo katika ghala, na muda uliobaki nilijifunza useremala bila mwalimu. Nauita useremala kwa heshima tu. Nilichofanya hasa ni kuokota viti vilivyotupwa mbele ya nyumba za Sparkbrook, kuvifungua, kuvisugua, kuvifunga, halafu kuvifungua upya kwa sababu nimeona kasoro ambayo mwingine asingeiona hata kwa tochi. Kiti kimoja nilikifungua mara sita. Mara ya sita mguu mmoja ukapungua urefu, nikakata mingine mitatu ilingane nao, nikakosea, nikakata tena. Ndicho nilichokuwa nimekibeba kwenye kituo cha basi cha Coventry Road siku niliyokutana na mwenye kitako: kiti cha mtu mzima chenye miguu ya kiti cha mtoto. Nilikuwa nakisemesha kwa Kiswahili, namwaga hasira zangu, nikiamini hakuna anayenielewa.

"Mguu ya hiyo kiti nani alikata?" sauti ilitoka nyuma yangu. "Hiyo hapana fundi. Hiyo mwizi."

Nikageuka. Alikuwa mzee wa Kisingasinga, kilemba cha buluu, koti refu, mfuko wa vitunguu mkononi.

"Shikamoo, Mzee. Ni mie niliyekata."

"Marahaba." Alicheka hadi vitunguu vikatikisika. "Wewe? Basi wewe mwizi ya bidii sana."

Alizaliwa Nairobi, akakulia Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, cha karakana na soko, hakijabadilika tangu ahamie Birmingham akiwa kijana. Wanawe walikielewa lakini walimjibu kwa Kiingereza. Tukapanda basi moja. Kufika kituo changu alikuwa ameshanieleza kasoro nne za kiti ambazo mimi sikuwa nimeziona, na badala ya kushukuru nikakosa usingizi.

Wiki iliyofuata alikuja kwetu na kitu kilichofungwa ndani ya blanketi. Akakiweka mezani, akakifungua polepole, akasimama wima kama mtu aliyemleta mgeni.

Baba yake alikuwa na karakana Nairobi. Bunduki za kijeshi zilizomaliza utumishi zilimfikia, naye akizikata na kuzipunguza uzito ziwe za wawindaji. Hii ilikuwa imetengenezwa hapa hapa Small Heath, katika kiwanda ambacho zamani kilijaza mtaa mzima. Ikapita jeshini, ikafika Nairobi, ikapasuka shingoni, pale mkono unaposhika. Baba yake akakifupisha kitako kwa upana wa vidole viwili kwa ajili ya mteja mwenye mikono mifupi, akauziba ufa kwa kiraka cha mzeituni wa porini. Mteja hakurudi. Karakana ikafungwa, patasi na randa zikagawanywa, yule fundi akafa. Katika kazi zote za maisha yake, mwanawe alibakiwa na hii moja.

"Hakuna ingine," aliniambia. "Hii tu ndio mkono ya baba."

Na sasa kwenye ukumbi wa mtaa kulikuwa kunaandaliwa maonyesho ya vitu vilivyotengenezwa Small Heath zamani. Mzee alitaka kazi ya baba yake isimame pale mbele za watu, mahali mti wenyewe ulipoanzia. Mama wa Kiingereza aliyesimamia maonyesho alikwishakiona kitako. Alimwambia angefurahi sana kukiweka, lakini angependa kiwe orijino kadiri inavyowezekana, na je, kile kiraka hakiwezi kufanywa kisionekane sana?

"Sasa wewe fanya iwe nzuri," Mzee aliniambia. "Safisha. Paka mafuta. Kiraka wacha."

Naandika maneno hayo kama alivyoyasema kwa sababu baadaye nilijitahidi sana kuyasahau.

Orijino ni ipi? Hilo ndilo swali lililoninyima raha. Kama ni kitako kilivyotoka kiwandani, basi nilipaswa kuunga mti uliokatwa, kung'oa kiraka na kufuta kila alichofanya baba wa Mzee. Kama ni kitako kilivyokuja mezani, basi sikupaswa kufanya lolote, hata kufuta vumbi, maana vumbi nalo huenda lilikuwa la Nairobi. Katikati ya hayo mawili palikuwa na hatua elfu, na mimi nilisimama katika kila moja.

Nilikwenda maktaba. Kompyuta zilitolewa kwa saa moja moja, nami nilitumia saa zangu kusoma malumbano ya wanaume wa mtandaoni wanaopenda bunduki za zamani. Sijapata kuona watu wakitukanana hivyo kwa ajili ya mafuta ya kitani ya kupaka mti. Kundi moja lilisema kila kibonyeo kwenye mti ni ushahidi, na anayepitisha msasa amefuta historia, akatwe mikono. Kundi la pili lilisema mti ni mali ya mwenye mti, akitaka aufanye mguu wa taa. Niliuliza swali langu kwa adabu, na Kiingereza changu nikakikagua mara tatu. Wa kwanza alinijibu nisiguse kitu. Wa pili akamjibu wa kwanza kuwa ni mpumbavu. Kuanzia hapo hakuna aliyenikumbuka, na saa yangu ikaisha.

Nikaanza na vibonyeo. Nilisoma mahali kwamba ukiweka kitambaa chenye maji juu ya kibonyeo, ukapitisha pasi ya moto, mvuke huuinua mti ukarudi sawa. Nikachukua pasi ya shangazi. Vibonyeo viwili vikainuka, kweli kabisa, kama mkate unavyoumuka, na furaha yangu ilidumu dakika tano. Halafu nikaanza kuwaza: je, kama viligongwa vitani? Nikatafuta namna ya kuvirudisha. Nakiri hapa kwamba nilisimama jikoni na nyundo ndogo mkononi, nataka kugonga upya makovu ya askari nisiyemjua, na shangazi akaingia.

"Unafanya nini?"

"Navirudisha."

"Unarudisha nini?"

Akaninyang'anya nyundo. Siku mbili baadaye akavaa kwenda arusi buibui alilolipiga kwa pasi ile ile, likinuka mti ulioungua, akarudi hajanisamehe.

Lakini kilichonitesa zaidi ya vyote kilikuwa kiraka. Kitako kilikuwa cha jozi, mti wa Ulaya wenye rangi ya kahawa iliyokolea, kimelainishwa na mikono ya watu wengi. Na pale shingoni, mahali jicho linapofikia kwanza, palikaa kile kiraka cha mzeituni, cha manjano kama samli. Kilikuwa kimekaza vizuri, hata wembe usingepita kwenye maungio. Ila nyuzi zake, ile mistari ya ndani ya mti, zilikwenda kinyume na nyuzi za jozi, na juu yake alama za patasi zilikuwa bado zinahesabika, kana kwamba fundi aliondoka kwenda kunywa chai asirudi kulainisha. Nilikiona nikila. Nilikiona nikiwa ghalani. Mtu aliyeweza kuunganisha mti kwa ustadi ule alishindwaje kuchagua rangi? Nikaamua kwamba fundi wa watu alikosa mti mwingine siku ile, kwamba angekuwa hai angeona haya, na kwamba mimi, niliyeshindwa kusawazisha miguu minne ya kiti, nilikuwa nimechaguliwa nimsitiri.

Sikumwuliza Mzee. Naomba hili lieleweke: si kwamba nilisahau. Sikumwuliza kwa sababu nilijua atakachosema.

Jumapili moja, shangazi akiwa kwa shoga yake Ladypool Road, nilichemsha chai ya rangi nzito mpaka ikawa nyeusi. Kwenye chupa nilikuwa nimeloweka waya wa kusugulia masufuria ndani ya siki siku nne, maana chuma hicho kikikutana na chai hutia mti giza. Nilijaribu kwanza kwenye vipande kumi na moja vya mti wa kutupa, nikaviandika namba. Kisha nikapaka kiraka chai, nikaiacha ikauke, nikapitisha ile siki kwa brashi ya kupakia rangi ya macho. Mzeituni ukaingia giza mbele yangu. Ukapita rangi ya asali, ukapita rangi ya mdalasini, ukafika kwenye jozi na kusimama hapo hapo. Nikafuta, nikapaka mafuta, nikarudi nyuma hatua tatu. Kiraka hakikuwepo.

Sijawahi kufanya kitu kikatoka sawa mara ya kwanza, kabla ya siku ile wala baada yake. Nilikaa chini nikakitazama hadi shangazi aliporudi. Hata yeye alikubali. "Haya, kimetakata," alisema. "Sasa kiondoke mezani kwangu."

Mzee alikuja Alhamisi. Shangazi akamwekea chai na vitumbua. Nikamkabidhi kitako kwa mikono miwili, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Akakigeuza. Akanusa mafuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasugua bamba la shaba kwa mkono wa koti. Halafu kidole gumba chake kikaenda shingoni, kikapapasa, kikarudi, kikapapasa tena. Akasogea dirishani.

"Kiraka iko wapi?"

"Hapo hapo kwenye kidole chako, Mzee!" nilisema, na aibu inanichoma hadi leo nikikumbuka furaha iliyokuwa kwenye sauti yangu. "Hukioni, eeh?"

"Naona hapana."

"Ndiyo maana yake."

Akakiweka kitako mezani. Hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa, akaisogeza chai mbali naye.

"Sikia," alisema. "Bunduki ikipasuka hapa, hata fundi ikiziba, hapana kama mpya. Mtu naenda porini, nyati nakuja, yeye nashika hapa kwa nguvu yote. Lazima yeye najua hapa ilipasuka. Ndio baba naweka mti ya rangi ingine. Nyuzi kinyume. Alama ya patasi nawacha makusudi, hata giza mkono nasikia. Fundi ingine Nairobi ilikuwa naficha. Wateja nasifu hiyo fundi, nasema kazi safi. Baba alikosa wateja kwa sababu hii. Hakuficha hata moja. Hata moja, binti."

Akagusa mahali kiraka kilipokuwa.

"Sasa wewe nafanya baba yangu mwongo."

Nilisema maneno mengi. Nilisema sikukigusa kiraka, nilikipaka tu. Nilisema yule mama wa maonyesho ndiye aliyetaka. Nilisema hata alama za patasi zipo, apapase aone, nimezijaza mafuta tu kidogo. Kila nililosema lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

"Ushaharibu kitu cha watu," shangazi alisema, "sasa funga mdomo usiharibu na kuomba radhi kwenyewe."

"Naweza kurekebisha," nikasema.

"Vipi?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Ile rangi haikai juu ya mti kama rangi ya ukuta. Inaingia ndani. Ningeweza kuking'oa kiraka chote nikatia kipya cha rangi ya manjano: kingeonekana, na desturi ya baba yake ingesimama, lakini kiraka kingekuwa changu, na kazi ya mkono wake ingekuwa kwenye pipa la taka la Birmingham. Ningeweza kukiacha: mkono wake ungebaki, umevalishwa uwongo. Au ningeweza kukikwangua polepole, na kila unga ulioanguka ungeondoka na kipande cha alama za patasi yake. Nikamweleza yote matatu, nikamwomba achague.

"Mimi hapana fundi," akasema. "Mimi mtoto ya fundi. Wewe najiita fundi. Amua."

Nilikasirika. Nilikasirika naye kweli, jambo ambalo sikuwa na haki nalo hata chembe. Wiki nane kila mtu alikuwa na maoni juu ya kipande kile cha mti, kuanzia majirani hadi wanaume wa mtandaoni, na siku ambayo nahitaji mtu aniamrie, wote wamekuwa watu wa kuniheshimu.

Niliamua kukwangua. Msasa ungekula kila kitu kwa pamoja, kwa hiyo Mzee alinionyesha njia ya karakana ya baba yake: unavunja kioo cha dirisha, unachagua kigae chenye ukingo mkali, unakishika kwa kitambaa na kukivuta juu ya mti kimesimama. Unatoka unga laini kuliko poda. Siku tatu jioni, nikitoka ghalani, nilivuta kigae. Mzee alikuja kila jioni akakaa kando yangu, anakula vitumbua vya shangazi kimoja baada ya kingine. Nilitamani anitukane.

Jioni ya pili manjano ilianza kujitokeza katikati. Jioni ya tatu kiraka kilikuwa kimerudi, isipokuwa pembeni. Pale mzeituni na jozi vinapokutana, siki yangu ilikuwa imezama kwenye maungio, ikaacha mstari mweusi ukizunguka kiraka chote, kama jicho lililopakwa wanja na mtu mwenye kigugumizi cha mkono. Na alama za patasi zilikuwa zimekwisha, isipokuwa moja, ndefu, inayopita juu karibu na ukingo. Ilikuwa imeingia ndani kuliko nyingine.

Mstari mweusi ulipita sambamba nayo. Nikiukwangua mstari, alama inakwenda nao. Nilishusha kigae, nikakiinua, nikakishusha. Mikono yangu ilikuwa inataka kumaliza. Sijui namna ya kumweleza mtu asiye na ugonjwa huu ilivyo kuacha kitu kibaya kikiwa kibaya mbele ya macho yako, hali una kifaa mkononi na mwanga unatosha. Niliwaza: mvuto mmoja tu, mwepesi. Niliwaza hata kwamba Mzee amesinzia. Nikamtazama. Hakuwa amesinzia.

Nikafungua dirisha nikakiweka kigae nje, kwenye ukingo wa ukuta, mbali na mkono wangu.

"Basi?" Mzee akauliza.

"Basi. Alama moja imebaki, sitaigusa. Na wanja wangu utabaki nao. Ni mbaya, Mzee. Ni mbaya kuliko kilivyokuja."

Akakichukua akakisogeza karibu na pua. Akapitisha kidole juu ya ile alama moja, akaenda nacho hadi mwisho, akarudi. Nilitaka aseme amenisamehe.

"Sasa hata kipofu naona," akasema, akakifunga kwenye blanketi.

Jumamosi ya maonyesho nilikwenda kwa sababu shangazi alinisukuma nje ya mlango. Yule mama aliyesimamia alikuwa amekiweka kitako juu ya kitambaa cheupe katikati ya ukumbi, baina ya baiskeli na mashine ya kushonea, na pembeni ameweka kadi iliyoandikwa kwamba kina uharibifu uliofanyika baada ya kutoka kiwandani. Mzee aliisoma kadi, akaitoa, akaitia mfukoni.

"Hapana kadi," akamwambia kwa Kiingereza, tena kwa adabu. "Mafundi wenyewe wataeleza. Mmoja amekufa, namsemea mimi. Mwingine huyu hapa."

Nilijaribu kurudi nyuma nikamgonga mtu mwenye gari la mtoto. Watu walikuwa wameshaanza kusogea. Mzungu mmoja mzee, mrefu, mikono nyuma, aliinama hadi miwani ikakaribia kugusa mti. Mzee akamweleza habari ya ufa, nyati, na baba yake ambaye hakuficha kiraka hata kimoja. Yule mtu akasikiliza yote, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Na huu weusi unaokizunguka?" akauliza. "Nao ni wa baba yako?"

Mzee alinishika begani akanisogeza mbele. Nikasema hapana, huo ni wangu. Yule mtu akauliza ilikuwaje, nikaanza kumweleza habari ya chai na siki. Nyuma yake watu wanne walikuwa wamejipanga wanasubiri, na Mzee alikuwa ameshavuta kiti, amekaa, anasikiliza.